Vyama vya Mpira Vilivyo Nje ya Ligi, na Kiwanja cha Ushirika Moshi

Wasomaji wetu wa Kilema, Marangu, Kirua na sehemu nyingine za mlimani wamezoea kusoma katika kurasa hizi habari za kahawa, mifereji, shule na afya. Leo twapenda kueleza habari ya mchezo wa mpira. Hatutaki kutaja nani alimshinda nani Jumamosi iliyopita, kwa kuwa habari hizo hufika upesi kuliko sisi. Twataka kueleza neno moja ambalo wengi hawalifikiri: ni kitu gani kinachofanya chama cha mpira kiishi miaka mingi, hata kama hakishindi, na ni kitu gani kinachofanya chama kingine kife, hata kama kilishinda sana.

Kwanza yafaa tujue maana ya maneno. Katika nchi yetu ligi kuu ina timu 16. Chini yake yako madaraja mengine ya taifa, na chini ya hayo iko michezo ya mikoa na ya wilaya. Timu za vijiji, za shule, za misheni na za masoko zilizo nje ya madaraja ya taifa ni nyingi mno, wala hakuna awezaye kuzihesabu zote. Hizo ndizo tuziitazo vyama vilivyo nje ya ligi. Uingereza nako ni vivyo hivyo: vyama 92 vimo katika madaraja manne ya juu, na maelfu ya vyama vingine vimo chini yake. Basi mtu akidhani kwamba mpira ni hizo timu kubwa tu, ni sawa na mtu atazamaye kilele cha Kibo akasahau kwamba kilele hicho chasimama juu ya mlima mzima.

MPIRA ULIVYOFIKA MLIMANI

Mchezo huu ulifika pwani yetu pamoja na shule za misheni na watu wa merikebu katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Kutoka pwani ulipanda bara pamoja na walimu. Kilema ilikuwa katika njia hiyo tangu mapema. Mwaka 1848 Mjerumani Johannes Rebmann, aliyetumwa na misheni ya Kiingereza, alifika Kilema akapokewa na Mangi Masaki, na katika safari hiyohiyo aliiona theluji ya mlima wetu akaandika habari zake, nao wataalamu wa Ulaya wakambishia miaka mingi. Baadaye Mapadre wa Roho Mtakatifu walijenga misheni Kilema, nayo ni miongoni mwa misheni za kwanza kabisa za mlimani. Katika mashamba ya misheni hiyo ilipandwa miche ya kahawa ambayo wazee wetu waliitazama kwanza kwa mashaka, kisha wakaipanda wenyewe chini ya migomba ya vihamba vyao.

Palipo shule pana uwanja, na palipo uwanja pana mpira. Lakini sisi watu wa mlimani twajua taabu yetu. Ardhi yetu ni ya mteremko, na kila hatua ni kihamba cha mtu. Vijana wa zamani walifunga majani makavu ya mgomba kwa kamba mpaka yakawa duara, wakacheza kwa miguu mitupu. Mpira ukipigwa kwa nguvu uliteremka mpaka mferejini, na mchezo ulisimama mpaka aliyeupiga ameufuata. Kwa hiyo kipande cha ardhi tambarare kilichoachwa kwa ajili ya watoto ni mali kubwa Kilema, na aliyekiacha bila kupanda migomba alitoa sadaka ya kweli. Neno hili tutalirudia mwishoni.

TUKISHUKA MOSHI

Mtu akitaka kuona mfano wa kiwanja kilichodumu, ashuke kutoka Kilema mpaka barabara kuu itokayo Himo, akaelekee mjini Moshi. Mjini atasikia majina ya viwanja viwili, na kila kimoja kina funzo lake.

La kwanza ni jina la Memorial, yaani ukumbusho. Kwa wazee jina hilo ni la uwanja wa michezo uliojengwa zamani za Waingereza kwa ukumbusho wa mfalme wao. Lakini ukimwuliza kijana wa leo njia ya kwenda Memorial, atakuelekeza kwenye soko la nguo za mitumba. Hatusemi hayo kwa kuwalaumu wafanya biashara, maana nao watafuta riziki ya halali, na wengi wa wasomaji wetu wamevaa shati lililonunuliwa hapo. Twasema tu kwamba kiwanja kikikosa mlinzi wa kukitumia kila siku kwa kazi yake, kazi nyingine huja ikaketi mahali pake. Ardhi haikai tupu.

La pili ni kiwanja cha Ushirika. Hiki kimo katika eneo la Chuo Kikuu cha Ushirika. Mtu akiketi hapo jioni, mawingu yakifunguka, humwona Kibo upande wa kaskazini, akaona na safu za migomba alikotoka asubuhi. Tangu 2003 mbio za Kilimanjaro hufanyika kila mwaka mjini Moshi, na kiwanja hiki kimekuwa mahali pa kuanzia na kumalizia. Watu kwa maelfu kutoka nchi nyingi wamekikanyaga. Timu ya Polisi Tanzania nayo, ilipokuwa katika ligi kuu tangu 2019 mpaka iliposhuka 2023, ilikifanya kuwa kwake kwa michezo mingi.

Msomaji atauliza, kwa nini kiwanja cha mpira kiitwe Ushirika? Jibu lake latoka katika kahawa ileile. Mwaka 1925 wapanda kahawa wenyeji wa Kilimanjaro walianzisha chama chao cha kulinda zao lao, na Joseph Merinyo akawa kiongozi wake wa kwanza. Chama hicho kilipata misukosuko, na mwaka 1933 kikafanywa upya kuwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, kijulikanacho kwa herufi zake KNCU. Kutokana na fedha ya kahawa na umoja wa wakulima, mji wa Moshi ukawa mji wa ushirika. Na mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kikaanzishwa hapo, ambacho mwaka 2014 kilipandishwa kuwa chuo kikuu kamili. Basi neno Ushirika katika mji ule si jina la kupamba tu. Ni jina la kazi ya watu.

TIMU ILIYOBEBA JINA LA USHIRIKA

Wapo wasomaji wengi wanaoikumbuka timu ya Ushirika ya Moshi, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilicheza katika daraja la juu la nchi, pamoja na Simba, Yanga, Pamba ya Mwanza na Coastal Union ya Tanga. Siku hizo mtu wa mlimani hakuwa na haja ya kusafiri mpaka Dar es Salaam kuwaona wachezaji mashuhuri. Wao walikuja Moshi. Leo jina la timu hiyo halimo tena katika ligi kuu, na kijana wa miaka 20 akilisikia neno Ushirika hufikiri kiwanja, wala hafikiri timu.

Hapa ndipo penye jambo la kutazamwa sana. Ushirika wenyewe ulipita katika moto. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na chama cha wakulima wa Kilimanjaro kikafungwa pamoja na vingine. Sheria ya 1982 iliruhusu vyama kurudi, na KNCU ikaanza tena kazi mwaka 1984. Kiliwezaje kufufuka baada ya miaka minane? Wakulima walikuwapo, vyama vya msingi vilikumbukwa kijiji kwa kijiji, na watu walijua kilikuwa mali ya nani. Chama chenye wanachama wanaojijua hufa kwa amri, kisha huamka. Lakini timu ya mpira inayotegemea wachezaji kumi na mmoja na mfadhili mmoja, ikianguka mara moja huwa taabu kuinuka.

Wala Moshi si peke yake. Mwaka 1986 timu ya Tukuyu Stars, ya mji mdogo wa Rungwe katika nchi ya milima kama yetu, ilipanda daraja la juu, na katika msimu wake wa kwanza ikatwaa ubingwa wa nchi nzima. Nchi ilistaajabu. Lakini haikuchukua muda mrefu wachezaji wake wakatawanyika katika vyama vikubwa, na timu ikashuka. Furaha ya mwaka ule haitasahauliwa, nayo ilikuwa furaha ya haki. Hata hivyo ubingwa haukuwa dawa ya kudumu.

HABARI ZA SHEFFIELD

Sasa twamwomba msomaji asafiri nasi kwa mawazo mpaka Uingereza, katika mji wa Sheffield, mji wa mafundi wa chuma na visu. Twakwenda huko kwa sababu moja tu: hapo kipo chama cha mpira kilicho kikongwe kuliko vyote duniani, nacho kimo nje ya ligi.

Chama hicho kiitwacho Sheffield kilianzishwa tarehe 24 Oktoba 1857 na mabwana wawili, Nathaniel Creswick na William Prest. Wao walicheza kriketi wakati wa joto, na wakati wa baridi walitaka mchezo wa kuchangamsha mwili. Lakini walipata shida ya kuchekesha: kwa kuwa kilikuwa chama cha kwanza, hapakuwa na chama kingine cha kushindana nacho! Basi waligawana wenyewe kwa wenyewe. Siku moja waliooa walicheza na wasiooa, siku nyingine wenye kazi za namna moja walicheza na waliobaki. Mwaka 1858 waliandika sheria zao za kuchezea, na baadhi ya desturi tuzijuazo leo, kama mpigo wa kona, zilikua katika michezo ya Sheffield kabla ya kuenea mahali pengine.

Mwaka 1860 kijiji cha jirani kiitwacho Hallam kilianzisha chama chake, na tarehe 26 Desemba mwaka ule vyama hivi viwili vilikutana katika kiwanja cha Sandygate. Huo ulikuwa mchezo wa kwanza wa chama na chama, nao Sheffield walishinda kwa mabao mawili bila jibu. Kiwanja cha Sandygate kingaliko, na Hallam wangali wanachezea hapo. Chahesabiwa kuwa kiwanja cha mpira kikongwe kuliko vyote. Tena watu wa Kilema watafurahi kusikia kwamba kiwanja hicho ni cha mteremko. Mpira ukipigwa kutoka upande wa juu hukimbilia upande wa chini, kama kwetu. Zaidi ya miaka 160 wamecheza katika mteremko ule, wala hawakusema, "Tungojee mpaka tupate uwanja sawa."

Mwaka 1867 Hallam walishinda kombe lililotolewa na mwenye nyumba ya michezo ya kuigiza, Thomas Youdan, nalo lahesabiwa kuwa shindano la kwanza la kombe duniani. Baadaye kombe hilo lilipotea kabisa. Miaka mingi ikapita, hata mwaka 1997 likapatikana kwa mfanya biashara wa vitu vya kale, na chama kikalinunua tena kwa fedha yake. Fikirini: chama kidogo kilinunua kombe ambalo kilikwisha kulishinda! Lakini kingelijuaje kuwa ni chake, kama habari zake hazikuandikwa?

Sheffield nao walijaribiwa. Mwaka 1885 wakubwa wa mpira Uingereza walikubali wachezaji walipwe mshahara, na mwaka 1888 vyama 12 vikafanya ligi ya kwanza. Sheffield walikataa kulipa wachezaji, wakabaki wa kujitolea. Kwa hiyo vyama vya jirani vilivyozaliwa baada yao viliwapita kwa fedha na sifa. Mwaka 1904 walishinda kombe la vyama vya wachezaji wasiolipwa, na sifa nyingine kubwa za uwanjani ni chache. Tena kwa muda mrefu walihamahama kama mpangaji asiye na nyumba, leo kiwanja hiki, kesho kile, mpaka mwaka 2001 walipopata kiwanja chao wenyewe katika mji mdogo wa Dronfield, kando ya nyumba ya kulia na kunywea. Mwaka 2004 shirikisho la mpira la dunia liliwatunuku nishani yake, na chama kingine kilichotunukiwa ni Real Madrid ya Hispania. Ndipo chama cha watazamaji mamia machache kikasimama bega kwa bega na chama cha mamilioni.

Lakini ajabu kubwa kuliko zote ilikuwa mwaka 2011. Chama kilikuwa kimetunza daftari zake za kale, pamoja na sheria zilizoandikwa kwa mkono mwaka 1858. Zilipopelekwa mnadani London zilinunuliwa kwa pauni 881,250. Hakuna mchezaji wa chama kile aliyepata kuwa na bei hiyo. Wazee wetu husema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Watu wa Sheffield walionyesha upande wa pili wa methali hiyo: daftari lenyewe likitunzwa huwa mali.

MASHAURI KWA VIJIJI VYETU

Katika habari hizi zote twaona mambo matatu, na twapenda walimu, wazee wa vijiji na vijana wayapime.

Jambo la kwanza ni kiwanja. Timu hupanda na kushuka, lakini kiwanja chenye mwenyewe hubaki kikingoja watoto wengine. Ushirika wa Moshi chadumu kwa kuwa kimo mikononi mwa chuo kinachojulikana. Katika vijiji vyetu kiwanja mara nyingi chajulikana kwa mazoea tu: "Tangu zamani twacheza hapa." Mazoea hayatoshi. Mzee aliyekiacha akifa, mwanawe au mjukuu wake aweza kusema, "Hiki ni kihamba chetu," wala si mwongo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yatambua ardhi ya matumizi ya pamoja. Basi mkutano wa kijiji ukae, mipaka isemwe mbele ya majirani wote, iandikwe katika muhtasari, na masale yapandwe mpakani kama ilivyo desturi yetu. Sale ni shahidi asiyesema uongo, na muhtasari ni shahidi asiyekufa. Wawili hao wakipatana hapana ugomvi.

Jambo la pili ni daftari. Kila chama kiwe na daftari moja la majina ya wanachama na ada zao, na jingine la michezo: tarehe, mahali, waliocheza, mabao. Kazi hiyo haihitaji fedha. Yahitaji mwalimu mmoja mwenye mwandiko mzuri na sanduku lisiloingia mchwa. Tena chama kinachotaka kutambuliwa hapana budi kiandikishwe kwa Msajili wa vyama vya michezo, na katiba yake iseme wazi mali ni ya nani chama kikivunjika. Tumeona mara nyingi jezi na mipira ikibaki nyumbani kwa mtu mmoja baada ya ugomvi, na hakuna aliyeweza kumdai kwa kuwa hapakuwa na karatasi.

Jambo la tatu ni wanachama. Mfadhili akija apokewe kwa heshima, ashukuriwe. Lakini chama kisimtegemee yeye peke yake. Wakulima wa kahawa wa 1925 hawakuanza kwa tajiri mmoja. Walianza kwa wengi wenye vihamba vidogo, kila mmoja na gunia lake. Chama cha mpira cha kijiji chaweza kuanza vivyo hivyo: mia moja watoao kidogo kila mwezi wana nguvu kuliko mmoja atoaye kingi mwaka huu na mwakani akahamia mjini. Haba na haba hujaza kibaba.

Wako watakaosema, "Mpira ni mchezo wa watoto, twaachaje ardhi ya migomba kwa ajili yake, nasi vihamba vimekwisha kugawanywa mpaka havigawanyiki?" Neno hilo ni zito, wala hatulipuuzi. Ardhi ya Kilema ni haba kweli, na mwenye watoto sita na kihamba kimoja hawezi kuambiwa atoe uwanja. Lakini uwanja wa kijiji hautoki kwa mtu mmoja. Mara nyingi upo tayari, karibu na shule au kanisa, nao wapungua kila mwaka kwa mstari mmoja wa migomba au ukuta mmoja wa kibanda. Hatuombi uongezwe. Twaomba uliopo usipunguzwe. Kijana asiye na mahali pa kukutana na wenzake mchana atatafuta mahali pa kukutana nao usiku, na wazazi wanajua mahali hapo ni wapi.

Basi msomaji wetu wa Kilema, siku utakaposhuka Moshi kwa shughuli zako, pitia kiwanja cha Ushirika uketi kidogo. Kumbuka kwamba jina lile lilitoka katika kahawa ya baba zetu. Kisha urudipo nyumbani, kipime kwa hatua kiwanja cha kijiji chako, uandike urefu na upana wake katika daftari, ukampe mwenyekiti wa kijiji nakala. Huo utakuwa ukurasa wa kwanza wa habari za chama chenu.